Mjomba anasema bunduki ya 9.3, shemeji anasema ya .375. Nimsikilize nani?

Mzee, shikamoo, na kamwene pia.

Nakuandikia kutoka Makongolosi, wilayani Chunya. Masika nalima tumbaku. Kiangazi nasoma nyayo kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii, vitalu vya upande wa Lukwati na Rungwa. Kazi naijua. Nimewatangulia porini wateja wa kila namna: wapo wanaopiga mnyama akalala, wapo wanaopiga mti, na yupo aliyeniuliza kama nyati anafugwa. Sasa nimechoka kuwa wa mbele kwenye nyayo na wa nyuma kwenye posho. Najiandaa kwa mtihani wa mwindaji bingwa, yule anayeongoza wateja porini, na kabla ya hapo nataka niwe na bunduki yangu, niombe leseni ya uwindaji wa wenyeji, nipate nyati na pofu kwa jina langu mwenyewe.

Fedha ya tumbaku inatosha bunduki moja. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Mjomba wangu yuko Mufindi. Ana Mauser ya zamani ya 9.3 ambayo babu alimwachia. Babu naye, kwa jinsi tunavyosimuliwa, aliipata kwa mlowezi wa Kijerumani aliyekuwa na shamba kule kabla ya vita vya pili. Mjomba amezeeka, macho hayaoni vizuri, na anataka chombo kibaki kwenye ukoo. Bei aliyonitajia ni ya kindugu kabisa. Anasema risasi ile imelaza kila mnyama wa nchi hii, tembo akiwemo, na kwamba .375 ni majivuno ya Waingereza.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana duka Mwanjelwa. Anamfahamu mtu anayestaafu uwindaji na anauza BRNO ya .375, bei karibu mara mbili ya ile ya mjomba. Shemeji anasema 9.3 ni ya kupigia nguruwe pori, ila .375 ikimgusa nyati anakaa chini hapohapo. (Shemeji hajawahi kumwona nyati isipokuwa kwenye televisheni.) Walikutana kwenye kipaimara cha binti yangu, ulanzi ukiwa mezani, wakabishana hadi mama akawaomba wakamalizie nje.

Mimi nimezilinganisha kwenye karatasi nikashindwa kuona tofauti. Moja ina unene wa milimita 9.3, nyingine 9.5. Uzito unakaribiana. Wote wanaozijua wanazisifu.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Mwaka jana kambini mwindaji bingwa wetu alinipa .375 yake nijaribu. Nilikaa mezani, nikaegemeza kwenye mfuko wa mchanga. Ya kwanza nilipiga vizuri. Ya pili nilifumba macho kabla sijafyatua, nikaikosa karatasi yote. Kesho yake bega lilikuwa limevilia damu. 9.3 ya mjomba niliwahi kuipiga na haikunifanya hivyo. Nikichukua .375 naogopa nitaiogopa; nikichukua 9.3 shemeji atanicheka mpaka uzeeni. Nishauri, mzee.

Nyongeza: fundi mmoja hapa ananiuzia darubini ya kukuza mara 4 hadi 16 kwa bei nzuri. Niichukue?

Msoma nyayo, Makongolosi

*

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Nunua .375. Nakupa jibu mapema usije ukasoma huku roho iko juu. Ila naomba usiende Mwanjelwa kumwambia shemeji kwamba ameshinda, kwa sababu hoja yake haina mguu hata mmoja wa kusimamia, na mjomba wako karibu yote aliyosema ni kweli. Umepewa ushauri sahihi na mtu asiyejua, na ushauri usiokufaa na mtu anayejua. Hutokea.

Kinachoamua hapa ni neno moja la barua yako: nyati. Kanuni za uwindaji za Tanzania zinataka kaliba, yaani unene wa risasi kwa inchi, isiyopungua .375 kwa nyati na wakubwa wenzake wa hatari. Risasi ya mjomba ukiigeuza kwenye vipimo vya inchi ni .366. Imepungukiwa sehemu tisa katika elfu moja ya inchi, yaani kama robo ya milimita. Nyati hana namna ya kuipima robo hiyo. Askari wa wanyamapori mtakayeongozana naye anayo, maana kaliba imegongwa kwenye mtutu na imeandikwa kwenye leseni yako, na yeye anajua kusoma. Na wewe unaomba kuwa mwindaji bingwa, kazi ambayo siku utakayokutwa na nyati aliyepigwa kwa kaliba isiyoruhusiwa ndiyo siku itakayoisha. Wapo watakaokuambia nchi nyingine hazipimi hivyo. Ni kweli, Namibia kwa mfano inapima kwa nguvu badala ya unene, jouli 5,400 kwa wanyama wa kundi hilo. Huko nako 9.3x62 ya kawaida inabaki mlangoni.

Kama ungeniandikia kuwa unataka pofu, kuro, kongoni, tandala na ngiri basi, ningekwambia panda basi la Mufindi kesho asubuhi na fedha inayobaki ununue mabati.

Sasa twende kwenye hizo risasi zenyewe, maana umesema hukuona tofauti, na jicho lako halikukosea.

Ya mjomba ilitengenezwa mwaka 1905 na fundi bunduki wa Berlin aitwaye Otto Bock. Ndio mwaka uleule Maji Maji ilipolipuka huku kusini, kwa hiyo wazee wetu wa upande huu walikuwa na sababu zao za kutoipenda bunduki yoyote ya Mjerumani. Bock alikuwa na wateja waliokuwa wanahamia makoloni ya Afrika, wengi wao wakulima wasio na fedha. Hawakuweza kununua bunduki za kifahari za mitutu miwili. Walichoweza ni Mauser 98, ile ya kawaida, imara na ya bei nafuu. Bock akabuni risasi nene kadiri ilivyowezekana ambayo bado ingeingia kwenye bunduki hiyo bila kuchonga chuma wala kurefusha chochote. Ganda lina urefu wa milimita 62, ndiyo maana inaitwa 9.3x62. Mkulima alipata bunduki moja ya kulinda shamba, ya kitoweo, na ya kujitetea akikutana na mkubwa. Hadithi ya babu yako nayo inakaa vizuri: katikati ya miaka ya 1920 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, wakafungua mashamba Mufindi, Dabaga na Mbozi, na vita vilipoanza mwaka 1939 wakawekwa kizuizini, mali zao zikachukuliwa. Vitu vyao vingi vilibadilisha mikono kipindi hicho, vingine kwa karatasi na vingine bila karatasi.

.375 ilitoka London mwaka 1912, kwa Holland & Holland, mafundi bunduki wa matajiri. Mwanzoni waliibana iwe yao peke yao. Baadaye wakaiachia, na Winchester ya Marekani ilipoanza kutoa Model 70 yake kwa kaliba hiyo mwaka 1937, ikawa ya dunia nzima. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwako kuliko hata nguvu. Mwenye duka la silaha akiwa na risasi za aina chache tu za wanyama wakubwa, .375 itakuwemo. 9.3 utaulizia, utaambiwa njoo mwezi ujao, na mwezi ujao ndio msimu unafunga.

Kwa namba ni hivi. 9.3x62 ya kawaida inarusha kichwa, kile kipande kinachoruka, cha gramu 18.5 kwa mwendo wa mita 720 kwa sekunde. .375 inarusha gramu 19.4 kwa mita 770. Ukipiga hesabu ya nguvu mdomoni mwa mtutu unapata kama jouli 4,800 kwa ya kwanza na 5,800 kwa ya pili, tofauti ya sehemu moja ya tano. Hapo shemeji atachekelea. Mwache achekelee, kisha muulize swali hili: risasi inapenya kwa sababu gani? Si nguvu peke yake. Inapenya kwa uzito wake ukilinganisha na unene wake. Nzito na nyembamba huenda mbali ndani ya nyama kuliko nyepesi na nene. Chukua uzito, gawanya kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe, kwa vipimo vya wazungu vya ratili na inchi. 9.3 ya gramu 18.5 inatoa 0.305. .375 ya gramu 19.4 inatoa 0.305. Ileile. Otto Bock na wale wa London, miaka saba kati yao, wameangukia namba moja. Ndiyo maana wazee waliotumia zote mbili hawakuwahi kukubaliana ipi ni kali: ndani ya mnyama zinafanya kazi karibu sawa.

Mwendo wa ziada unasaidia kwa mbali. Ukiziweka zote shabaha kwenye mita 100, kwenye mita 200 ya mjomba itashuka zaidi kidogo, tofauti isiyofika upana wa kiganja chako. Lakini wewe unawinda kwenye miombo. Ni lini mara ya mwisho uliona nyati wa kupigwa kutoka mita 200 kule Lukwati, miti ikiwa imesongamana vile? Nyati anapigwa mita 60, mita 40, na akiwa tayari amejeruhiwa, umbali ambao hutaki kuutaja mbele ya mama.

Kuhusu nyati kukaa chini hapohapo, wewe ndiye uliyepaswa kumjibu shemeji, maana wewe ndiye unayeitwa damu ikianza kuonekana kwenye majani. Nyati aliyepigwa vibaya kwa .375 anaondoka. Aliyepigwa vibaya kwa .458 anaondoka pia. Aliyepigwa kwenye theluthi ya chini ya mwili, sawasawa na mguu wa mbele, risasi ikavunja bega na kupita sehemu ya juu ya moyo, huyo anakwenda hatua zake chache na kulala, na hatakuuliza ulitumia kaliba gani. Kitu kinachobadilisha matokeo kuliko kaliba ni aina ya kichwa. Softi ya bei rahisi, ile ambayo kiini chake cha madini laini ya risasi kimevikwa shaba nyembamba, inaweza kupasuka kwenye mfupa wa bega na kubaki vipande chini ya ngozi. Nimewahi kuzichambua zikitoka kwenye bega la nyati: shaba imejikunja upande mmoja kama ganda la karanga, kiini kimetawanyika kwenye nyama, na mapafu hayakuguswa. Softi nzuri, iliyoshikamana na kiini chake, inapanuka na kuendelea. Kwa nyati anza na softi nzuri, nyuma yake ziwe solidi, zile ngumu zisizopanuka, kwa sababu risasi ya pili na ya tatu mara nyingi utampiga akiwa anakimbia amekupa mgongo, na pale unahitaji kitu cha kupenya mwili mzima. Ukikuta sanduku la bei ya kutupa, jiulize kwa nini linatupwa.

Na kwa kuwa unataka ubingwa, ujue mapema kwamba .375 ndiyo sakafu. Wawindaji bingwa wengi wanaomfuata nyati aliyejeruhiwa na mteja hubeba kubwa zaidi, .416, .458 au bunduki ya mitutu miwili ya .470. .375 inakutosha kuanza, na kuna waliomaliza maisha yao ya kazi nayo. Lakini usije ukadhani umenunua mzinga.

Sasa jambo ambalo hujamwambia mtu. Hili ndilo lililonifanya nichague barua yako, maana wanaofumba macho ni wengi kuliko wanaokubali.

Teke la .375 ni kubwa kuliko la 9.3, hilo halina ubishi. Bunduki zikiwa na uzito sawa, linazidi kwa kama theluthi moja. Ila haziko na uzito sawa. Mauser za namna ya mjomba ni nyepesi, BRNO 602 ni pande la chuma la zaidi ya kilo 4, na kilo hizo utazilaani ukipanda mlima lakini ndizo zinazokula teke. Kilichokuumiza kambini kwa sehemu kubwa ni meza. Mtu akikaa, kifua kimebanwa kwenye meza na bega halina pa kwenda, teke lote linaishia kwenye mfupa. Akisimama, mwili unarudi nyuma nalo. Hakuna mwenye akili anayejifunza .375 akiwa mezani. Mezani ni pa kurekebisha shabaha, risasi chache, ukiwa umeweka mfuko mdogo wa mchanga kati ya kitako na bega. Baada ya hapo unasimama na kuegemea kwenye mti wa miguu mitatu, kama unavyowawekea wateja wako kila siku.

Pia sikia hili: kinachowafumba watu macho mara nyingi ni mlio, wala si teke. Kambini ulikuwa umeziba masikio? Nadhani hapana, vijana wa kambini hawazibi. Nunua vizibo.

Halafu urefu wa kitako. Bunduki nyingi za huko zimechongwa kwa mikono ya Wazungu warefu. Kunja kiwiko, weka kitako kwenye mkunjo wake; kidole chako cha shahada kinapaswa kufika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Kikijinyoosha, kitako ni kirefu, kitakuwa kinakupiga kwenye msuli wa mkono badala ya kuingia kwenye mfuko wa bega, na hapo ndipo damu inapovilia. Fundi mzuri anakata na kuweka mpira. Mpira wa kitako ni rahisi, na unafanya kazi kuliko ushujaa.

Kisha jaribio la kukutibu. Tafuta risasi bandia mbili au tatu, zile zisizo na baruti wala fataki ya kuiwasha, na mwenzako unayemwamini. Mkiwa kwenye uwanja wa shabaha, yeye ndiye anayepakia, wewe umegeuka pembeni. Wakati mwingine anaweka ya kweli, wakati mwingine bandia, hakuambii. Ukifyatua bandia utajiona mwenyewe: mdomo wa mtutu utachovya chini, bega litasukuma mbele, jicho litafumba, na hakuna mlio wa kuficha aibu. Rudieni mpaka ifike siku umefyatua bandia na mtutu umebaki palepale kama umepigiliwa. Risasi za kweli zisizidi chache kwa siku moja. Nyumbani fyatua tupu kila jioni, baada ya kukagua chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho na kwa kidole, watoto wakiwa chumba kingine. Aliyefumba macho kwenye risasi ya pili anatibika kabla tumbaku haijakauka. Asiyetibika ni yule anayesema hafumbi.

Jambo jingine ambalo karatasi haikukuonyesha. .375 nzima, ganda na kichwa, ina urefu wa milimita 91, 9.3x62 haifiki 84. Milimita hizo chache zinamaanisha bolti, ule mkono wa kutolea ganda na kupakia, inavutwa mbali zaidi. Mtu aliyezoea bunduki fupi anavuta .375 mpaka anapodhani imetosha, anarudisha, na ganda tupu linabaki limejibana kwenye chemba huku nyati akiwa anamtazama. Vuta mpaka igonge. Igonge nyuma, igonge mbele, kila mara, hata ukiwa unafyatua tupu sebuleni.

Ukienda kuikagua BRNO, nenda na fundi na uende mchana. Toa bolti, tazama ndani ya mtutu ukielekeza kwenye mwanga: mistari inayozunguka iwe na kingo kali, pasiwe na vidoa vyeusi vilivyokula chuma karibu na chemba. Pitisha kitambaa cheupe kwenye ufito. Kisipotoka na kutu, vizuri. Namba ya bolti ifanane na ya mwili wa bunduki na ya kwenye karatasi za polisi. Jaza magazini kwa risasi bandia, uvute polepole, kisha uvute kama mtu mwenye shida. Halafu angalia kitufe cha usalama kwa makini sana. Zipo BRNO za zamani ambazo usalama wake unakwenda kinyume na ulivyozoea: kusukuma mbele ndiko kufunga, kuvuta nyuma ndiko kufungua. Kama ni ya namna hiyo, ama mwili wako ujifunze upya kabisa, ama uiache. Hapo kati na kati ndipo watu wanapobonyeza kifyatulio kilichofungwa mbele ya mnyama.

Karatasi unazijua: serikali ya kijiji, kata, polisi, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na uvumilivu. Usitoe fedha yote kabla ya kibali, na usiibebe hiyo bunduki hata kwenda kuijaribu bila mwenye leseni kuwepo. Leseni ya kumiliki haikupi mnyama, hiyo ya kuwinda ni karatasi nyingine. Na risasi zilizobaki kambini baada ya mteja kuondoka, hata akupe kwa mapenzi, usizichukue. Hazimo kwenye leseni yako.

Tumalize la mjomba, maana naona ndilo linalokukaba. Mzee hauzi chuma. Anatafuta mtu wa kumrithi. Nenda Mufindi wewe mwenyewe, usipige simu, na umweleze kwamba sheria inataka .375 kwa nyati. Mwambie na ile hesabu ya 0.305, ataifurahia kuliko fedha. Usimtaje shemeji. Kisha umwombe jambo la maana zaidi: aanze utaratibu wa kuihamisha ile Mauser kihalali angali hai na ana kauli. Akiondoka bila kufanya hivyo itabidi ikabidhiwe polisi, na ukoo utaanza kuifuatilia huko, kazi ambayo mara nyingi inaishia kutu. Inaweza kwenda kwa binamu anayetaka pofu na ngiri. Inaweza kukusubiri wewe uiombe kama bunduki ya pili ukishasimama vizuri, na mimi ningekushauri hivyo, kwa sababu kwa pofu ningebeba hiyo 9.3 na kuiacha .375 kambini bila kufikiri mara mbili.

Ila kabla hamjaipiga tena, soma kilichogongwa kwenye mtutu. Watu husema "9.3" kana kwamba ipo moja. Ipo 9.3x57, ipo 9.3x62, ipo 9.3x64, ipo hata 9.3x74 ya bunduki za kukunja, na hazibadilishani. Na kama mjomba ana kisanduku cha risasi za tangu enzi za babu, zile zenye kijani kijani shingoni, zisipigwe. Fataki za zamani huacha chumvi inayokula mtutu, na huenda ndani tayari pameliwa; fundi atawaambia.

Darubini ya 4 hadi 16 usichukue. Nyati akiwa mita 30 na umekuza mara nne, utaona manyoya meusi yamejaa kioo kizima bila kujua ni ya bega au ya tumbo. Tafuta inayoanzia 1 au 1.5 na kuishia 4 au 6, ambayo unaweza kulenga macho yote mawili yakiwa wazi. Na jicho lako likae angalau sentimita 9 kutoka kwenye kioo cha nyuma picha ikiwa bado imejaa, la sivyo .375 itakuchana juu ya nyusi na kambi nzima itajua. Mgongo wa BRNO una reli yake ya kuchongwa humohumo, kwa hiyo nunua vishikio vinavyoitosha hiyo reli, vya kufungua kwa mkono, ili ukiingia kwenye kichaka kizito uitoe darubini na kutumia shabaha ya chuma. Vishikio hivyo huenda vikawa ghali kuliko darubini ya fundi wako. Lipa.